Tupeni Alhamisi: Barua ya Wazi kwa Wenye Majumba ya Sinema Dar es Salaam

Kwa wenye majumba ya sinema na mameneja wao,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA SIKU MOJA YA WIKI KWA FILAMU ZA KISWAHILI

Ndugu zangu,

Kuendesha jumba la sinema katika mji ambao kila abiria wa daladala ana filamu kwenye simu yake si jambo jepesi, na mimi ni miongoni mwa wanaofurahi kuona milango yenu bado iko wazi. Naandika kama mteja, tena mteja anayelipa. Sina filamu ninayoitafutia nafasi, wala mpwa anayeigiza.

Ombi langu nalisema mapema, ili asiye na muda aishie hapa. Kila jumba la sinema la Dar es Salaam litenge Alhamisi, onyesho la saa 1:00 usiku, skrini moja, kwa filamu inayozungumza Kiswahili. Iwe hivyo mwaka mzima. Isihamishwe kwa sababu shujaa mpya wa Marekani amewasili, wala isifutwe kwa sababu wiki iliyopita waliingia watu wachache.

Sababu zangu ni hizi.

Tazameni mabango yaliyo ukutani kwenu. Kwa kawaida pana filamu ya Hollywood yenye namba mwishoni mwa jina lake, katuni ya watoto, filamu ya Kihindi ya karibu saa tatu, na ya kutisha ambayo vijana huingia wawili wawili. Sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Mji huu umelelewa na picha za kigeni, na bibi zetu walizijua nyimbo za Raj Kapoor kabla hatujazaliwa. Ninachouliza ni hiki: filamu ya nyumbani iko wapi, na inapokuja, inakaa siku ngapi?

Jibu mnalo. Filamu ya nyumbani huingia kwenu kwa mlango mmoja tu, nao ni uzinduzi. Siku hiyo zulia jekundu hutandikwa, mastaa huja na mishono ambayo mafundi wamekesha nayo, watangazaji huuliza nani kamvalisha nani, mgeni rasmi hufika kwa kuchelewa, hotuba husomwa, na filamu yenyewe huanza watu wakiwa wameshachoka. Ukumbi hujaa, lakini wengi waliojaa ni waalikwa ambao hawakutoa hata senti. Kesho yake picha zimeenea mitandaoni, na mwenye duka wa Tandika aliyeziona anauliza, "Inaoneshwa wapi?" Hapati jibu, kwa sababu mara nyingi haioneshwi popote. Skrini imesharudi kwa wageni wake, na filamu inasubiri kununuliwa na televisheni au kupandishwa YouTube.

Uzinduzi si maonyesho. Ni sherehe ya waliotengeneza filamu, na sherehe ni haki yao baada ya jasho lao. Maonyesho ni pale mtu asiyemjua mwongozaji wala mwigizaji anapotoa pesa mfukoni, akakaa gizani, akatoka akisifu au akilaani. Nchi yenye uzinduzi mwingi na maonyesho machache haiwezi kuzijua filamu zake, maana haijazipima kwa fedha ya mtu asiye ndugu.

Kuna jambo la kibiashara hapa ambalo nyinyi mnalielewa kuliko mimi. Filamu kubwa ya Marekani hufika Dar es Salaam ikiwa imeshatangazwa dunia nzima. Trela yake imeonekana miezi kabla, na siku ya kwanza ndiyo siku yake ya neema. Kwa hiyo mmezoea kuipima filamu kwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili ya kwanza, na isiyofua dafu inaondoka. Kwa filamu ile kipimo hicho ni cha haki. Filamu ya nyumbani haina mfuko wa matangazo. Tangazo lake ni mtu aliyeiona akimsimulia mwenzake kazini, na mwenzake akimsimulia mkewe, na mkewe akilisema jambo hilo saluni. Mnyororo huo unahitaji wiki mbili, tatu, hata nne. Filamu hiyo mkiipima kwa kipimo cha siku tatu, mnaiondoa siku ambayo ndiyo kwanza watu wameanza kuizungumzia.

Ndiyo maana naomba siku isiyohama. Mtazamaji aliyesikia habari za filamu Jumatatu ajue, bila kufungua simu wala kupiga namba yoyote, kwamba Alhamisi usiku kuna kitu cha Kiswahili. Asipoikuta ileile, atakuta nyingine.

Waliowatangulia katika biashara hii walilijua jambo hili vizuri. Tangu enzi za kina Hassanali Jariwalla wa Unguja, wenye majumba ya sinema wa pwani hii walijenga watazamaji kwa mazoea. Dar es Salaam ilikuwa na Avalon, Empire, Empress, Odeon na Cameo. Tanga ilikuwa na Majestic na Novelty. Moshi, Arusha na Mwanza nazo zilikuwa na majumba yake. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, ameonesha jinsi Jumapili ilivyokuwa siku ya familia kwenda sinema, tiketi zikiisha mapema na walanguzi wakiuza zilizobaki kwa bei ya kuruka. Katika miji ya pwani palikuwa na maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, ambako mama aliyekuwa hatoki jioni aliweza kutoka na mashoga zake kwenda kumlilia Nargis katika Mother India. Hakuna aliyekuwa akiuliza onyesho la wanawake ni lini. Lilikuwa na siku yake, na siku ilipofika watu walivaa.

Angalieni tena: wengi waliojaza kumbi hizo hawakujua Kihindi. Walirudi kila wiki kwa sababu mwenye jumba aliwajua, akawapangia, na hakuwabadilishia ratiba kila mara. Mapenzi ya Dar es Salaam kwa picha za Bombay yalipandwa na kumwagiliwa kwa miaka. Filamu ya Kiswahili haijawahi kupata mtunza bustani wa namna hiyo.

Kuporomoka kwa majumba yale kunajulikana. Mwaka 1968 Serikali iliunda Kampuni ya Filamu Tanzania, na baadaye uingizaji na usambazaji wa picha ukawa mkononi mwake. Ilipofika miaka ya 1980 fedha za kigeni hazikuwepo, vipuri vya projekta vikawa hadithi, nakala za filamu zikaja zimechakaa, na video ikaingia sebuleni. Mwaka 1994 televisheni ikaanza Bara, na majumba mengi yaliyokuwa yamebaki yakageuka maghala, maduka na makanisa. Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa miaka ya 1960 na ambako familia zilikwenda na vyungu vya pilau nyuma ya gari, imebaki jina tu. Kwenye uwanja ule leo pana Ubalozi wa Marekani.

Kampuni ile ya Serikali ilikuwa na kasoro zake, lakini zama zake tulipata filamu zetu. Fimbo ya Mnyonge ilikuja miaka ya 1970. Mwaka 1985 ikaja Harusi ya Mariamu, iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, inayomhusu mwanamke anayeogopa waganga wa jadi huku ugonjwa ukimlazimisha kwenda kwao. Mwaka uliofuata ikaja Mama Tumaini ya Martin Mhando. Muulizeni kijana yeyote wa miaka ishirini kama ameziona. Hawezi kuwa ameziona, kwa sababu hakuna siku ya wiki ambapo filamu ya zamani ya Tanzania inaoneshwa mahali ambapo mtu anaweza kukata tiketi.

Najua hoja zenu, nami nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba watu hawapo. Kwamba Mtanzania halipii filamu ya kwao. Nendeni Manzese, Buguruni au Mbagala mkakae kwenye kibanda umiza. Mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya kabati, feni inayozunguka kwa huruma, na watu wamebanana wakiangalia filamu ya Kichina iliyowekewa sauti ya Kiswahili na DJ anayeeleza, anayetania na anayewapa majambazi majina ya mitaani. Fani hiyo ilipata mabingwa wake, na marehemu Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, sauti yake iliuza kanda kuliko sura za waigizaji. Watu wale wanalipa kila siku. Wanacholipia ni hadithi inayowafikia kwa lugha yao, mahali karibu, kwa bei wanayoimudu. Kwenu hawaji kwa sababu moja au mbili kati ya hizo hazipo, nyakati nyingine zote tatu.

Hapo nina ombi dogo ndani ya ombi kubwa. Alhamisi iwe na bei yake, na isizidi nusu ya bei ya jioni ya kawaida. Kiti kitupu cha Alhamisi hakiwaingizii chochote, na kipoza hewa kinakula umeme uleule wakiwa watu watano au mia. Mnajua vilevile kwamba faida yenu nono haitoki kwenye tiketi, ambayo mnagawana na msambazaji, bali kwenye bisi na soda ambazo hamgawani na mtu. Mtu aliyeingia kwa bei nafuu ananunua bisi. Aliyebaki nyumbani hanunui.

Nimechagua Alhamisi kwa hesabu. Ijumaa mnabadilisha filamu, kwa hiyo Alhamisi ni mkia wa wiki, siku ambayo picha ya wiki iliyopita imeshachujwa. Jumanne na Jumatano ni za mpira wa Ulaya, na mwenye akili hashindani na mpira. Saa 1:00 usiku swala ya Magharibi imeshapita. Filamu ya dakika tisini inaisha saa 2:30, mtu anawahi usafiri wa kwenda Kimara au Mbagala, na mwenye uradi wake wa usiku wa Ijumaa hakosi kitu.

Hoja ya pili ni kwamba filamu nzuri za kutosha hazipo. Hii ndiyo hoja ninayoipenda, kwa sababu jibu lake ni orodha. Nawapangieni Alhamisi za robo mwaka ya kwanza, bure, bila ada ya ushauri.

Fungueni na Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Yasmin aliyetoroka ndoa ya kulazimishwa na Denge anayesaka uhuru wa nchi, mapenzi na siasa vikipita katika vichochoro vilevile vya Mji Mkongwe. Ilioneshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo za Oscar. Mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga. Huyu ametunzwa ugenini kwanza. Wanafunzi walioisoma riwaya hiyo darasani wajazwe kwenye ukumbi kwa bei ya wanafunzi, na mwalimu wao aingie bure.

Wiki ya pili wekeni T-Junction ya mwongozaji huyohuyo, ya mwaka 2017, wasichana wawili wakikutana hospitalini na urafiki ukaanza kwa kusimuliana. Ya tatu iwe Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa Oscar, mwaka 2001. Baada yake ilitubidi tusubiri zaidi ya miaka ishirini kupeleka ya pili. Ya nne iwe Harusi ya Mariamu. Ni fupi, basi ioneshwe pamoja na mazungumzo na watu walioifanyia kazi au wanaoijua historia yake. Ya tano iwe Binti ya Seko Shamte, hadithi za wanawake wanne wa mji huuhuu, na wanawake wakitaka kuja kwa vikundi kama enzi za zanana, wapeni punguzo.

Kisha tuvuke mpaka, kwa sababu Kiswahili hakina forodha. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David "Tosh" Gitonga, inamfuata Mwas, kijana wa bara anayekwenda Nairobi kuwa mwigizaji na kujikuta katikati ya wezi wa vipuri vya magari. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya mwaka 2018, ni ya Jo, mtoto mgonjwa asiye na siku nyingi, na kijiji kizima kinachoamua kumtengenezea filamu ambamo yeye ndiye shujaa mwenye nguvu za ajabu. Hiyo iwekeni wakati wa likizo, na andaeni leso. Soul Boy ya Hawa Essuman inazunguka Kibera na kijana anayejaribu kurudisha roho ya baba yake. Kati Kati ya Mbithi Masya inamwamsha mwanamke mahali asipopajua, aambiwe kwamba ameshakufa. Subira ya mwaka 2018 inamtoa msichana Lamu, kwenye bahari anayoipenda, na kumfungia kwenye ndoa ya Nairobi. The Letter, makala ya Maia Lekow na Chris King, inamfuata kijana anayerudi kwao pwani ya Kenya baada ya bibi yake kutuhumiwa uchawi, na kadiri hadithi inavyosonga ndivyo mtazamaji anavyoona kwamba nyuma ya tuhuma hizo kuna shamba. Mtu wa Shinyanga au wa Mwanza, ambako nako wazee wametuhumiwa uchawi, ataitazama filamu hiyo akiwa kimya.

Halafu nendeni Kongo. Mwaka 2017 filamu iitwayo Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, ilishinda tuzo kuu ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes. Inamfuata Kabwita, mchoma mkaa, anayekata mti mkubwa kwa shoka, anauchoma, kisha anausukuma mkaa wake kwa baiskeli barabara ndefu yenye malori hadi Kolwezi kuuza. Wanaozungumza humo wanazungumza Kiswahili cha Katanga. Watazamaji wa Cannes walikisikia kupitia manukuu. Watu wa Kariakoo, ambao wangekielewa bila kusoma chochote, hawajapelekewa. Mkimaliza hapo, kuna Augure ya Baloji, mwana wa Lubumbashi, iliyotuzwa Cannes mwaka 2023, ambamo Kiswahili kinasikika pamoja na Kifaransa na Lingala.

Hesabuni wenyewe. Robo mwaka imeisha, na sijagusa mamia ya kazi za Bongo Movie tangu enzi za marehemu Steven Kanumba, ambazo nyingi hazijawahi kupata nafasi ya kuoneshwa kwenye skrini kubwa. Nyingine zitaonekana mbaya kwa ukubwa huo, na ni vizuri zionekane hivyo, maana mwongozaji atajifunza mengi usiku mmoja akiwa amekaa nyuma ya ukumbi kuliko katika semina.

Najua pia tuna ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar ambalo tangu mwaka 1998 limekuwa likileta filamu za nchi za jahazi Ngome Kongwe. Ni sikukuu kubwa na Mungu aidumishe. Lakini lina wiki yake moja ya mwaka, na liko ng'ambo ya maji. Wapo pia vijana wanaoendesha maonyesho madogo hapa mjini, kwenye vituo vya sanaa na vya utamaduni, kwa projekta ya kuazima na viti vya plastiki. Wanafanya kazi yenu wakiwa hawana majengo yenu. Wakaribisheni wawapangie Alhamisi hizo. Wanajua filamu iko kwa nani, na wana watazamaji wao tayari.

Hoja ya tatu ni ya kiufundi. Mtasema watayarishaji wetu huleta filamu kwenye flashi, sauti inapanda na kushuka, na mashine zenu zinataka faili la DCP, muundo wa kidijitali wa majumba ya sinema. Ni kweli. Lakini kutengeneza DCP si uchawi. Zipo programu za bure zinazoweza kuifanya kazi hiyo kwenye kompyuta ya kawaida. Kila jumba limteue fundi mmoja wa chumba cha projekta awe mtu wa kupokea filamu za Alhamisi, aandike ukurasa mmoja wa masharti ya picha na sauti, na ukurasa huo wapewe watayarishaji wote. Filamu isiyotimiza masharti irudishwe ikatengenezwe. Hatuombi huruma. Tunaomba mlango wenye masharti yanayojulikana badala ya mlango unaofunguliwa kwa kujuana.

Na kwa kuwa tunazungumza ufundi: filamu zenu za kigeni zinakuja na manukuu ya Kiingereza au hazina kabisa. Hata nje ya Alhamisi, filamu moja kwa mwezi yenye manukuu ya Kiswahili ingewaletea watu ambao leo hamwaoni.

Hapa niwageukie kidogo walio nje ya majumba yenu.

Kwa Bodi ya Filamu Tanzania: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 imewapa mamlaka ya vibali na ya kupanga madaraja. Yatumieni kuirahisisha Alhamisi hii. Filamu ya mwaka 1985 inayooneshwa mara moja kwa watu themanini isipitishwe kwenye njia ileile, kwa gharama ileile, na filamu inayoingia nchini kuchuma mamilioni. Nitawakumbusha na jambo la Korea Kusini. Kule sheria ililazimisha kila jumba kuonesha filamu za nchini siku 146 kwa mwaka, na mwaka 2006 zikapunguzwa kuwa 73. Miaka kumi na minne baadaye filamu ya Kikorea, Parasite, ikachukua Oscar ya filamu bora ya mwaka. Sidai kwamba sheria ile ndiyo iliyoitengeneza filamu hiyo, lakini iliwapa watengenezaji wa kule skrini ya kukulia.

Alhamisi ninazoomba ni 52 kwa mwaka, tena kwa hiari na kwa onyesho moja tu la siku. Ni chini hata ya kile ambacho Wakorea walibakiza baada ya kupunguza. Ndugu wenye majumba, mkilianza jambo hili wenyewe mtalipanga kwa masharti yenu. Mkisubiri, iko siku mtu wa wizarani atalipanga kwa niaba yenu, na huenda hajawahi kukata tiketi.

Kwa watayarishaji: mkipewa Alhamisi, iheshimuni. Filamu isipandishwe mtandaoni Ijumaa asubuhi. Leteni bango na trela mwezi mmoja kabla, na siku ya onyesho mje wenyewe mjibu maswali ya watu, hata wakiwa kumi. Fedha mnayotandika kwenye zulia jekundu igawanyeni. Nusu yake itangaze maonyesho ya wiki ya pili na ya tatu.

Kwa watazamaji wenzangu: tumelalamika vya kutosha kwamba filamu zetu hazioneshwi. Siku zikioneshwa na sisi tukabaki kwenye foleni ya shawarma ghorofa ya chini, hatutakuwa na la kusema tena.

Nawarudia nyinyi, niliowaandikia. Sitaki ahadi ya kufufua Avalon wala Empire. Nataka mchague skrini moja kati ya zenu, mkubaliane na majirani zenu wa biashara kwamba wote mtaanza mwezi mmoja, na mjaribu kwa mwaka mzima bila kukatisha. Mwaka ukiisha wekeni hesabu hadharani: waliingia wangapi, walilipa kiasi gani, walirudi au hawakurudi. Hesabu zikiwa mbaya baada ya Alhamisi 52 nitakuwa wa kwanza kuandika kwamba hoja yenu ilikuwa ya kweli. Lakini kwa sasa hakuna kati yetu anayeweza kusema kwamba Dar es Salaam haitaki filamu za Kiswahili, kwa sababu haijapewa nafasi ya kuzitaka.

Jibu lenu sihitaji kwa barua. Liandikeni kwenye ubao wa ratiba: Alhamisi, saa 1:00 usiku. Tutakuja, na tutalipa.

Wenu,
Mtazamaji wa kulipa,
Dar es Salaam.